Kilo Thelathini na Moja

Mizani iligoma siku ya Jumatatu, siku tano kabla ya ndege kuruka.

Munyoki ndiye aliyeifunua. Ilikuwa imekaa miaka tisa kwenye kona ya ofisi pale uwanjani Voi, imefunikwa turubai na mavi ya popo. Ni mizani ya zamani, ya sahani pana chini na uso wa saa juu, yenye mshale mwekundu. Aliifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, akatia mafuta, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Hakukuwa na kitu juu yake. Mshale ulitetemeka kidogo, ukapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi akiwa mgonjwa, ukasimama kwenye thelathini na moja.

Akaupigapiga uso wa kioo. Mshale haukutikisika.

"Mable," aliita, "njoo uone."

Mable ndiye aliyekuwa karani wa tiketi na wa redio, mwanamke wa Wundanyi mwenye mdomo mkali na moyo mwepesi. Alikuja akitafuna muwa, akainama, akasoma.

"Imekumiss, mzee wa mizani. Miaka tisa haijambeba mtu, sasa inajibeba yenyewe."

Fundi wa ndege akaja na bisibisi. Akafungua mgongo wa mizani, akakaza skrubu, akalegeza spring, akatazama kila mahali. Kila akiurudisha mshale kwenye sifuri, ulikaa hapo muda wa kumeza mate mara tatu, kisha ukapanda tena. Thelathini na moja. Si thelathini, si thelathini na mbili.

Siku ya Jumatano Mzee Obadiah, mwanzilishi wa shirika la ndege, aliagiza mizani mpya ya betri kutoka Mombasa. Ikaja kwenye boksi lake, plastiki haijatolewa. Munyoki akaiwasha. Namba zikacheza, zikatulia: 31.0.

Hapo ndipo Munyoki alipotoka nje, akaenda kukaa peke yake nyuma ya tangi la maji.

*

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza shirika lenyewe lieleweke.

Watu wa Nairobi wana serikali, watu wa Mombasa wana bahari. Wataita walikuwa na nini? Walikuwa na vilima vinavyopigwa picha na wageni wanaopita kwenda kutazama ndovu. Ndipo Obadiah, fundi wa ndege aliyestaafu, alipopanda makanisa yote kuanzia Mwatate hadi Taveta na neno moja mdomoni: ndege yetu. Walimu wakachanga, wakulima wa nyanya wakachanga, hata Wakamba waliohamia Voi na kufungua maduka wakachanga, maana ndege haiulizi kabila. Ikaja ndege moja ya viti tisa, injini mbili, imechakaa ila imara. Wakaipaka rangi, wakaichora bendera mkiani, wakaiita Dawida Air, kwa jina ambalo Wataita hujiita. Siku ya kwanza iliporuka, akina mama walivua leso wakazipunga mpaka ikapotea.

Wenye midomo waliiita Ndege ya Mboga. Na waite. Ilibeba kabichi za Wundanyi zikiwa bado na umande na kuzishusha Mombasa kabla ya saa tatu. Ilibeba ndizi za Taveta. Ilibeba damu ya hospitali, karatasi za mitihani, maiti wa watu waliotaka kuzikwa kwao. Mable alipoisikia kwenye redio inakaribia, alimtuma mwenye pikipiki akafukuze mbuzi kwenye uwanja, na siku nyingine pundamilia. Hiyo ndiyo kazi ilivyokuwa, na hakuna aliyeionea haya.

Ila ndege ndogo ina sheria moja isiyochezewa: uzito. Ndege kubwa humkadiria mtu. Ndege ndogo humpima. Kila abiria alisimama kwenye sahani na mzigo wake mkononi, mpimaji akasoma, akaandika kwenye karatasi ya uzito, rubani akajumlisha na kuweka sahihi. Karatasi ile ndiyo iliyomwambia rubani kama ataweza kuupita ukingo wa mlima Vuria siku ya joto au azunguke kwa chini, upande wa Maktau.

Mpimaji alikuwa Munyoki. Mkamba, mzaliwa wa Kaloleni pale Voi, kijana wa hesabu safi. Miaka sita hakukosea hata kilo moja.

Kisha ikaja asubuhi ya mama mkwe wake.

Kalondu alikuwa anasafiri kwenda Njukini, karibu na Taveta, kwa binti yake mdogo Katunge aliyekuwa amejifungua. Hakuna aliyemwambia Munyoki. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamwona amesimama nafasi ya tano kwenye foleni, kiondo mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso.

Wakamba wana neno: nthoni. Ni haya, lakini si haya ya mtu aliyekosa. Ni haya ya heshima, iliyo kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamtazami usoni. Hataji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani ili mwenzake apite. Sasa niambie: mtu aliyelelewa hivyo amwambie mama mkwe wake apande kwenye sahani, ainame miguuni pake, asome mwili wake kwa kilo mbele ya watu?

Munyoki aligeuka akautazama ukuta. Nyuma yake Kalondu naye alivuta leso akajifunika kichwa, akapita kando ya mizani, taratibu, hakuigusa. Kila mmoja alimtunzia mwenzake adabu. Munyoki aliposikia nyayo zimefika mlangoni, aliandika: mama mmoja, na mzigo, kilo 60.

Rubani alikuwa Donald, mtu wa kuimba akiwa angani. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Maktau, akaamua kupita juu. Ndege iligonga mwamba wa Vuria futi arobaini chini ya ukingo. Futi arobaini ni urefu wa mti. Walikufa wote wanane.

Wakaguzi walikuja, wakapanda mlima, wakaandika kila walichokiokota: bawa, viatu, biblia, sufuria. Wakasema ni mawingu. Shirika likafungwa. Munyoki akaenda kuuza mbao, na kwa miaka tisa hakumwambia mtu.

Wala Syombua, mke wake, hakumwambia. Yeye ndiye aliyemchoma kuliko wote bila kujua, kwa kumwambia mara kwa mara, kwa sauti ya shukrani, "Angalau mama alipita mikononi mwako. Wewe ndiwe uliyempima mara ya mwisho."

*

Sasa shirika lilikuwa linafufuka. Ndege nyingine, viti vilevile tisa, bendera ileile. Jumamosi ndiyo ingekuwa safari ya kwanza ya Taveta, na Syombua alikuwa ameshakata tiketi aende kumwona dada yake Katunge. "Nitapanda ndege ya mama," alisema. "Siogopi. Mume wangu ndiye mpimaji."

Siku ya Alhamisi Munyoki alimfuata rubani mpya, Austin, kijana wa Mgange mwenye miwani ya jua na vicheko vingi. Alimkuta amelala chini ya bawa akitazama matairi.

"Captain, nikuulize. Kilo thelathini na moja ni futi ngapi?"

"Vipi?"

"Ndege ikibeba kilo thelathini na moja zaidi. Inapoteza futi ngapi kupanda?"

Austin akavua miwani. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Joto. Upepo. Injini. Mkono wa rubani. Inaweza kuwa futi kumi, inaweza kuwa mia, inaweza kuwa sifuri." Alikaa kitako, akamtazama vizuri. "Mzee wangu, hilo swali hakuna mtu duniani anaweza kukujibu. Na mimi nina lingine. Ile mizani mtaitengeneza lini? Mimi siruki na namba ambayo haina mwenyewe."

Mzee Obadiah alikuwa na dawa yake. Ijumaa alimwita Munyoki ofisini, akafunga mlango.

"Kila ukisoma, toa thelathini na moja. Mtu akipanda ikisema mia, andika sitini na tisa. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Kuna shida?"

"Hakuna shida, Mzee."

"Mbona hunitazami?"

"Si kitu."

"Munyoki," yule mzee akasema, sauti imeshuka. "Nimechanga maisha yangu mara mbili kwa ndege hii. Sitakuwa na ya tatu. Usiniharibie kesho."

*

Jumamosi watu walijaa. Kwaya ilikuja, mbuzi walikuja, watoto walining'inia kwenye ua wa seng'enge. Safari hii kulikuwa na utaratibu mpya: mpimaji anasoma kwa sauti, karani anaandika. Mable alikaa na kalamu. Mizani mpya ilikuwa mbele ya Munyoki, tupu, inasema 31.0, na watu wa mbele walishaanza kuinong'ona.

Abiria wa kwanza akapanda, mwalimu. Mia moja na nane. "Sabini na saba," Munyoki akasoma. Wa pili. Wa tatu. Kila mara alitoa, na kila alipotoa alihisi kama anamshika mtu mkono na kumsukuma nje.

Wa nne alikuwa Syombua. Alikuwa amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi. Akapanda kwenye sahani, akainamisha macho, akasoma mwenyewe.

"Mia moja na moja?" Akacheka. "Baba Koki, mimi?"

"Mama Koki!" Mable akadakia. "Huo ugali wa Kaloleni mnautilia kokoto?"

Watu wakaangua kicheko. Syombua naye alicheka, akashuka. Ikabaki 31.0. Akaitazama. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kuna nini hapa? Nani huyu?"

Alisema nani. Hakusema nini. Munyoki alilisikia neno hilo likimwingia kama mwiba unaopita kwenye soli ya kiatu.

Mzee Obadiah alikohoa kutoka nyuma. "Toa, andika, twende."

Munyoki alifungua mdomo aseme sabini. Mdomo ukasema kitu kingine.

"Ni mama yako."

Watu kwenye foleni wakageuka.

"Ni Kalondu," alisema. Jina ambalo hakuwa amelitamka tangu aoe, na wazee wawili wa Kikamba waliokuwa pale walitazamana kama wamesikia tusi. "Sikumpima. Alifika hapa, nikageuka ukutani. Nilimwonea haya. Nikamwandikia sitini, kwa kichwa. Miaka tisa nakudanganya. Hakupita mikononi mwangu, Mama Koki. Alipita nyuma yangu."

Syombua hakulia. Alisimama pale, mkoba umebanwa kwapani, midomo inahesabu kitu.

"Mama alikuwa sitini na nane," alisema mwishowe. "Kadi yake ya kliniki ya presha ninayo. Na alibeba jiwe."

"Jiwe gani?"

"Jiwe lake la kusagia. La mama yake, na la mama ya mama yake. Alikuwa anampelekea Katunge. Nilimwambia ni zito, akabisha, nikalipeleka pale posho mill wanaposaga unga, nikalipima ili nimwonyeshe. Ishirini na tatu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Nilijua umelipima. Nilijua limo kwenye karatasi."

Mable, aliyezaliwa na kalamu mkononi, alikuwa ameshajumlisha pembeni ya karatasi. Sitini na nane na ishirini na tatu, tisini na moja. Toa sitini. Aliigeuza karatasi tu, akamwonyesha Mzee Obadiah, na yule mzee akatafuta kiti akakaa.

Miaka tisa lile jiwe lilikuwa mlimani. Wakaguzi walihesabu viatu na sufuria, jiwe hawakulihesabu. Nani huokota jiwe mlimani akauliza ni la nani?

Austin ndiye aliyesogea kwanza. Alichukua kalamu kutoka kwa Mable, akaandika kwenye mstari wa juu kabisa wa karatasi: Kalondu, kilo 31. "Sasa namba ina mwenyewe," alisema, bila kucheka. Akawaambia vijana washushe kreti moja la kabichi.

Syombua alitembea mpaka kwenye ndege. Mlangoni aligeuka. Hakupaza sauti, ila uwanja wote ulimsikia.

"Mimi nakaa Njukini. Sirudi Voi mpaka ulete jiwe la mama. Na usilibebe begani kama mwanamume. Libebe kwa paji, kama yeye."

Ndege ikaruka. Redioni Austin alisema ameupita ukingo, futi mia sita juu. Munyoki alikuwa bado amesimama mbele ya mizani.

*

Alipanda Vuria siku tatu. Siku ya kwanza mvua ilimrudisha. Ya pili aliufikia mwamba, akakuta ndimu-mwitu zimeota mahali palipoungua, na mawe. Mlima mzima ni mawe, na kila moja lilimtazama kama shahidi asiyetaka kutoa ushahidi. Siku ya tatu, akishuka mikono mitupu, alipita kwenye boma la mama mmoja wa Kitaita, Tryphena, mjane aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni.

"Wewe ni wa tatu kupita hapa siku hizi au ni yule yule?" mama akauliza.

"Ni yule yule, mama. Natafuta jiwe."

"Umelikosaje? Mlima huu ndio baba wa mawe."

"Jiwe la kusagia. La Wakamba. Lilikuwa kwenye ile ndege."

Tryphena akaacha maharagwe. Akainuka kwa kushika magoti, akamwongoza nyuma ya nyumba. Lilikuwa chini ya mgomba, limefunikwa gunia safi. Jiwe la kijivu, limelika katikati kwa mikono ya wanawake watatu.

"Mbuzi wangu ndiye aliyelipata. Nikaona, hili si la huku, sisi hatuchongi hivi. Nikalileta nyumbani. Sikusagia kitu hata siku moja." Akalitazama. "Ila nitakwambia, na usinione mwenda wazimu. Msimu wa mawingu linanguruma. Asubuhi, kama mtu anasaga. Nimezoea. Huwa naliambia, saga mama, mwenyewe atakuja."

Munyoki alipiga magoti. Tryphena mwenyewe alimfunga mkanda, akauweka sawa kwenye paji la uso wake, akamsukuma kidogo mgongoni kama wanawake wanavyosukumana kwenda kisimani. Alishuka mlima ameinama. Mwenye kubeba hivyo haoni mbele, anaona ardhi tu, na kisigino cha kila anayepishana naye. Wanaume wa Wundanyi walimcheka. Alipofika Voi paji lilikuwa limechubuka mpaka nyama.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mizani. Mable alikuwepo, na Austin. Ilikuwa tupu, inasema 31.0. Akaliweka jiwe juu ya sahani.

Namba hazikubadilika. Thelathini na moja.

"Imekufa," Austin alinong'ona.

"Haijafa," alisema Munyoki. "Limeingia mahali pake." Akalinyanyua jiwe. Namba zikashuka, ishirini, kumi na tano, kumi. Zikasimama: 8.0.

Wakasubiri. Hazikushuka tena.

Mable ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka kiganja mdomoni. Sitini na nane, toa sitini. Jiwe lilikuwa limerudi. Zile nane hazikuwa za jiwe. Ulikuwa mwili wa mama, ule ambao Munyoki aliupunguza kwa adabu ili usionekane mzito.

Alilipeleka jiwe Njukini kwa ndege ya Jumanne. Katunge alilipokea mlangoni, akaingia nalo ndani, na punde wakasikia mahindi yanasagwa. Syombua alibaki nje na mume wake. Aliliangalia lile paji.

"Umelipima?"

"Ishirini na tatu."

"Na zilizobaki?"

"Nane. Zimekataa kushuka."

Ndani jiwe lilikuwa linanguruma.

"Basi uzisome," alisema. "Kila asubuhi. Kwa jina lake, watu wasikie." Akaingia kuchukua mkoba wake.

Ndivyo Dawida Air inavyofanya kazi mpaka leo. Kabla ya abiria wa kwanza kupanda kwenye sahani, karatasi ya uzito huwa imeshaandikwa mstari mmoja. Wageni hudhani ni abiria aliyechelewa, wengine hugeuka kumtafuta. Munyoki husimama mbele ya mizani tupu, akageuka, akautazama ukuta. Jina hulitaja. Kutazama, hapana, hilo bado hawezi.

"Kalondu," husema, mgongo kwa mizani. "Kilo nane."

Na Mable, anayeziona namba, huandika.